Mtoto Aliyebadilishwa

Walio jikoni wasogeze redio karibu, walio safarini waongeze sauti kidogo, na mliopakata watoto endeleeni kuwapakata, maana jioni hii tunazungumza habari zao.

Naanza na swali. Mama amejifungua salama. Mtoto ananyonya vizuri, ananenepa, anacheka akiitwa. Kisha mwezi wa tano au wa sita mambo yanageuka. Hacheki tena. Hamfuati mama kwa macho. Analia usiku kucha, habembelezeki. Wenzake waliozaliwa wiki moja naye wanatambaa, yeye hata kukaa hawezi. Asubuhi moja mama anamwinamia kitandani na moyo unamuuliza: huyu ndiye niliyemzaa?

Lishikeni swali hilo, tutalihitaji mpaka mwisho.

Huko Ireland, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza, watu wa vijijini walikuwa na jibu tayari. Walisema: siye. Wako amechukuliwa. Wamemchukua watu wa vilimani, wakakuachia wa kwao.

Watu wa vilimani ni akina nani? Ni vichimbakazi, viumbe wa kijini walioaminiwa kuishi chini ya ardhi, ndani ya vilima na ndani ya maboma ya kale ya udongo, yale ya duara, ambayo mpaka leo yametapakaa mashambani Ireland. Watu waliwaogopa kiasi cha kutowataja kwa jina lao. Waliwaita watu wema, wasije wakasikia wakakasirika. Mkulima alilima shamba lake lote akaliacha boma lile katikati pamoja na miti yake, asithubutu kukata hata tawi. Na hili nadhani halitushangazi. Ni wangapi kati yetu waliokua karibu na mbuyu au pango ambalo watoto walikatazwa kulisogelea jua likishazama?

Sasa, watu wema hawa walitamani watoto wa binadamu. Kwa nini? Majibu yalitofautiana. Wengine walisema uzazi kwao ni mgumu, wanatafuta damu mpya. Wengine walisema wanavutwa na uzuri tu, wakiona mtoto wa kupendeza hawawezi kujizuia. Ndiyo maana ilikuwa hatari kumsifu mtoto bila kumtaja Mungu. Mgeni akisema mtoto huyu mzuri, ilibidi aongeze hapo hapo, Mungu ambariki. Sisi wa pwani tunasema mashaallah, kwa woga wa namna hiyo hiyo. Mama wa Ireland aliweka koleo la chuma la kushikia makaa juu ya kitanda cha mtoto, kwa kuwa watu wa vilimani waliaminiwa kuogopa chuma. Bibi zetu walimfunga mtoto mvuje, wakampaka wanja usoni, wengine wakaweka kisu chini ya mto. Vifaa mbalimbali, woga mmoja.

Lakini sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo hadithi ya Ireland inapoachana na nyingi za kwetu.

Kwetu zimwi akichukua mtoto, mtoto hayupo. Pengo lake linaonekana. Iko hadithi iliyokusanywa Zanzibar na mmisionari Edward Steere, ikachapwa katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili mwaka 1870. Sultani hana mtoto. Anamjia pepo aliyejigeuza mtu, anamwambia, nitakupa dawa mkeo azae, lakini watoto tutagawana. Sultani anakubali. Watoto wanazaliwa, wanakua, na pepo anarudi kudai haki yake. Mtoto anachukuliwa mchana kweupe, baba na mama wakiona. Anapelekwa kwenye nyumba ya pepo, anaachiwa funguo za vyumba, anavifungua kimoja kimoja mpaka anakuta mifupa ya watu, na mwisho anakuta farasi anayesema, ambaye anamfundisha namna ya kumsukuma pepo ndani ya sufuria lake mwenyewe la moto. Nani mkosaji katika hadithi ile? Ni pepo, na ni baba aliyeweka rehani mtoto ambaye hajazaliwa. Mtoto hana kosa. Mtoto ndiye shujaa.

Ireland ni kinyume. Kitanda hakibaki kitupu. Mtoto anachukuliwa, na mahali pake panawekwa kitu. Wakati mwingine ni gogo la mti lililorogwa likaonekana kama mtoto. Gogo lile linadhoofika, linakufa baada ya siku chache, wazazi wanalia na kuzika mti. Wa Tanzania nadhani hapo mmeshasikia sauti mnayoijua. Si ndivyo tunavyosikia habari za msukule? Kwamba aliyezikwa hakuwa marehemu, ulikuwa mgomba, na mwenyewe yuko mahali analimishwa usiku? Watu wa nchi mbili zilizo mbali namna hiyo, bahari na majangwa katikati yao, wamefikiri jambo moja mbele ya kifo kisichoelezeka.

Wakati mwingine kinachoachwa ni kichimbakazi mzee aliyechoka, amejigeuza mtoto. Anakula sana wala hanenepi. Analia daima. Hakui, hatembei, hasemi. Na katika hadithi kuna njia ya kumfichua. Mama anachukua ganda la yai, anatia maji kidogo, analiweka motoni kama sufuria, anajifanya anapikia watu wengi. Yule aliyemo kitandani anashangaa, anajisahau, anafungua kinywa na kusema kwa sauti ya mtu mzima kwamba ameishi miaka na miaka, hajapata kuona mapishi kama hayo. Siri imetoka! Akishajulikana hana budi kuondoka, na mtoto halisi anarudishwa. Hadithi hii ilisimuliwa Ireland, ikasimuliwa Wales, na ndugu wawili wa Kijerumani, akina Grimm, waliichapa katika mkusanyo wao wa mwaka 1812. Ni hadithi ya kuchekesha, na naamini watoto waliosimuliwa karibu na moto walicheka kweli.

Ila si kila nyumba iliishia kwenye maganda ya mayai.

Imani ilisema kwamba watu wa vilimani nao wanawapenda wa kwao. Ukimtesa wa kwao aliye mikononi mwako, watakimbilia kumchukua na kukurudishia wako. Je, mnaona mlango uliofunguliwa hapo? Mtoto mgonjwa akalazwa nje usiku wa baridi. Akanyweshwa dawa ya majani yenye sumu. Akawekwa juu ya sepetu akasogezwa motoni. Wakafanya hivyo watu waliokuwa wakilia, wakiamini kwamba wanamwokoa mtoto wao.

Niwasimulie moja tu kwa urefu. Ni habari iliyofika mahakamani.

Mwaka ni 1826. Mahali ni kusini-magharibi mwa Ireland, jimbo la Kerry, kando ya mto unaoitwa Flesk. Mtoto anaitwa Michael Leahy, ana umri wa miaka minne. Hawezi kusimama. Hawezi kutembea. Hasemi. Analelewa na bibi yake. Kijijini yuko mwanamke mzee, Ann Roche, mjuzi wa dawa na wa mambo ya watu wema. Inaamuliwa kwamba mtoto ana kichimbakazi, na kichimbakazi lazima atolewe. Kwa siku tatu mfululizo, alfajiri, mtoto anapelekwa mtoni, mahali ambapo mipaka ya mashamba matatu inakutana. Asubuhi ya kwanza anazamishwa. Asubuhi ya pili anazamishwa. Asubuhi ya tatu anashikiliwa chini ya maji muda mrefu kuliko siku zilizotangulia.

Alikuwepo mwanamke mwingine pale mtoni. Alitoa ushahidi mahakamani kwamba alimuuliza Ann Roche anategemeaje kumwona Mungu baada ya kitendo kile, na Ann akamjibu kwamba dhambi iko kwa bibi wa mtoto, haiko kwake. Kesi ilisikilizwa mjini Tralee, mwezi Julai. Ann Roche alisema hakukusudia kuua. Alikusudia kumtoa kichimbakazi. Mahakama ikaona hana hatia ya mauaji, akaenda zake.

Mimi nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara ninasimama mahali pamoja: asubuhi ya pili. Asubuhi ya kwanza mtoto hajui anapelekwa wapi. Asubuhi ya tatu yameisha. Lakini asubuhi ya pili anabebwa njia ile ile, na anaijua. Hasemi, hawezi kusema sitaki. Mwandishi wa Australia, Hannah Kent, ameitungia kesi hii riwaya, iliyotoka mwaka 2016, na akaipa jina lile lile la kujikombakomba, Watu Wema. Ameandika kwa huruma juu ya wale wanawake, umaskini wao na uchovu wao. Nakubaliana naye. Hawakuwa wanyama. Na kwa sababu hawakuwa wanyama, jambo hili linanitisha zaidi.

Basi niseme nanyi neno ambalo ningependa mlibebe jioni hii, na nitalirudia. Hadithi ya mtoto aliyebadilishwa ilimpa mzazi tumaini. Ilimwambia: mtoto wako mzuri yupo, mzima, anacheza mahali fulani, anaweza kurudi. Ni tumaini kubwa. Lakini bei ya tumaini hilo alitozwa mtoto aliyelala pale kitandani. Alinyang'anywa jina la mtoto. Akaitwa kitu. Na mtu ukishamwita kitu, mkono unakuwa mwepesi.

Msidhani ni wanavijiji wasiosoma peke yao. Martin Luther, yule mwanamageuzi wa Kanisa, msomi aliyetafsiri Biblia kwa Kijerumani, alimwona mtoto wa namna hiyo katika mji wa Dessau, karne ya 16. Wanafunzi wake waliandika kwamba aliwashauri watawala wa pale mtoto yule atupwe mtoni. Watawala walikataa. Kwa Luther lile lilikuwa pande la nyama lisilo na roho. Elimu yote ile haikumzuia.

Wala msidhani ni watoto peke yao. Mwaka 1895, miaka ambayo treni zilikuwa zikipita Ireland na magazeti yakisomwa, huko Tipperary mwanamke wa miaka 26, Bridget Cleary, mshonaji mwenye cherehani yake na kuku wake wa mayai, aliugua. Mume wake Michael alishikilia kwamba yule si mke wake, ni kiumbe wa vilimani aliyevaa sura yake. Ndugu walikusanyika, wakamnywesha dawa kwa nguvu, wakamuuliza mara tatu jina lake. Tarehe 15 Machi alichomwa moto nyumbani kwake. Na baada ya hapo mume alikwenda usiku kusubiri kwenye boma la kilimani, akiwa na kisu, akiamini mke wake halisi atatokea juu ya farasi mweupe na yeye atamwokoa. Hakutokea mtu. Alifungwa miaka 15.

Tunaweza kukaa hapa tukasema, ah, Wazungu wa zamani. Tusiseme. Kwetu kulikuwa na kigego. Mtoto akiota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, akahesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo mzima, na zamani wengine hawakuachwa waishi. Meno tu! Kwetu kuna degedege. Mtoto ana homa kali, ghafla anakakamaa, macho yanapinduka. Bibi anasema amepitiwa na ndege wa usiku, asipelekwe hospitali kwa kuwa akichomwa sindano atakufa. Mara nyingi ilikuwa malaria imepanda kichwani, na kila saa iliyopita ilikuwa na uzito wake. Na kwetu mpaka leo kuna watoto wenye mtindio wa ubongo wanaofungiwa chumba cha ndani wageni wakija, kwa sababu jirani mmoja amenong'ona kwamba yule si mtoto wa kawaida, yule ametumwa. Mnaifahamu kauli hiyo. Haina tofauti na ya mtoni Flesk.

Sasa tugeukie kwenye vitabu, maana waandishi wamelipenda jambo hili muda mrefu.

Shakespeare, ambaye Mwalimu Nyerere alitutafsiria tamthilia zake mbili, ana mchezo mwingine, Ndoto ya Usiku wa Kiangazi, wa miaka ya 1590. Mfalme na malkia wa vichimbakazi wanagombana mpaka majira ya mwaka yanavurugika, na kisa ni mtoto mmoja wa Kihindi. Kila mmoja anamtaka awe wake. Mtoto huyo hatajwi jina, hasemi neno, na kwa kawaida haonekani hata jukwaani. Ni mali inayogombaniwa. Na J. M. Barrie, Mskochi aliyemtunga Peter Pan, katika kitabu chake cha mwaka 1906 ana mahali pa kuumiza sana: Peter anachoka kuishi na vichimbakazi, anaruka kurudi kwa mama, anakuta dirisha limewekwa nondo, na ndani mama amelala na mtoto mwingine kifuani. Hapo tunasikia upande ambao hadithi za zamani hazikuusema, upande wa yule aliyechukuliwa.

Maurice Sendak wa Marekani naye alichora kitabu cha watoto mwaka 1981. Baba yuko baharini. Mama amekaa bustanini, mawazo yako mbali. Dada mkubwa, Ida, ndiye aliyeachiwa mtoto mchanga. Anapiga tarumbeta yake, ameangalia pembeni kidogo, na vichimbakazi wanaingia dirishani, wanamchukua mtoto na kuacha mwingine wa barafu. Ida anamkumbatia, barafu inayeyuka mikononi mwake. Sendak alieleza kwamba tangu utotoni alisumbuliwa na habari ya mtoto wa rubani Lindbergh aliyeibwa kitandani mwaka 1932. Mimi namwona Ida kila siku mitaani kwetu. Msichana wa miaka tisa, mdogo wake mgongoni, na mzigo wa mtu mzima. Kumlaumu Ida kwa kuangalia pembeni siwezi.

Lakini hadithi ninayoitukuza kuliko zote ni ya mwanamke wa Uswidi, Selma Lagerlöf, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mwaka 1909. Aliandika hadithi ya mtoto aliyebadilishwa, ikatoka mwaka 1915. Uswidi wanaoiba watoto ni mazimwi wa msituni. Mkulima na mkewe wanapita msituni juu ya farasi, farasi wanashtuka, mtoto anaanguka. Zimwi jike anamchukua, anawaachia wa kwake, kiumbe wa kutisha mwenye manyoya na kucha. Mume anataka kiachwe pale pale kife. Mke anashindwa. Anasema hawezi kuacha mtoto, hata wa zimwi, afe njaa msituni.

Anampeleka nyumbani. Hali chakula cha watu, basi mama anamtafutia vyura na panya. Watumishi wanachukia. Majirani wanamwambia, chukua fimbo umcharaze, mama yake atakuja mbio na mtoto wako. Anajaribu kuinua fimbo, mkono haushuki. Mume akitaka kumpiga, mke anaingia katikati. Nyumba inaungua, mke anaingia motoni kumtoa. Mwisho mume anachoka, anaondoka nyumbani, anamwacha mke na zimwi lake.

Na njiani, msituni, mume anakutana na mtoto wao. Mzima, amekua. Mtoto anamwambia alivyoishi. Siku mama alipompa chakula mtoto wa zimwi, na yeye alipata chakula. Siku fimbo ilipoinuliwa kule, huku nako iliinuliwa. Siku moto ulipowaka kule, huku nako uliwaka. Kila alichotendewa mtoto wa zimwi, alitendewa yeye. Na mama alipokubali kupoteza hata mume wake kwa ajili ya kiumbe yule, mazimwi hawakuwa tena na nguvu ya kumshikilia.

Mnaona alichokifanya mwandishi huyu? Ameichukua imani ile ile iliyowapeleka watu mtoni, ameipindua. Hakusema mazimwi hawapo. Amesema tu kwamba watoto hao wawili ni mmoja. Unayemlisha ndiye yule, unayempiga ndiye yule.

Na sasa nawaomba tuvuke mpaka kutoka Uswidi, tuingie nchi jirani, Norwe, miaka kadhaa baadaye. Tunatoka kwenye hadithi, tunaingia kwenye habari ya kweli.

Mama mmoja, Borgny Egeland, alikuwa na watoto wawili, Liv na kaka yake mdogo, Dag. Wote walizaliwa wazima. Wote walianza vizuri, kisha wakageuka, kama yule mtoto niliyewaeleza mwanzo. Liv alichelewa kusema na kutembea. Dag alikuwa hawezi kabisa kujimudu. Na mama alikuwa amegundua kitu: mkojo wa watoto wake una harufu ya ajabu, nzito, ambayo haitoki. Alizunguka kwa madaktari. Aliuliza kuhusu harufu ile, hakupata jibu. Hakuacha. Mwaka 1934 alimfikia daktari aliyekuwa pia mtaalamu wa kemia, Asbjørn Følling. Yeye akachukua mkojo wa watoto, akadondoshea kemikali moja yenye madini ya chuma, akitarajia rangi ya kahawia. Ikatoka kijani kibichi.

Akawaza labda ni dawa wanazotumia. Akamwambia mama awaachishe dawa zote kwa muda, alete tena. Kijani. Mama akaendelea kuleta mikojo, daktari akaendelea kuchambua, mpaka akapata maelezo: miili ya watoto hawa haiwezi kuvunja sehemu moja ya protini, ile inayopatikana katika maziwa, nyama, mayai, karibu katika kila chakula. Inarundikana mwilini, inaharibu ubongo unaokua. Mtoto anazaliwa mzima kwa sababu tumboni mwili wa mama ulimfanyia kazi hiyo. Anapoanza kunyonya, sumu inaanza kujaa polepole. Na mara nyingi watoto hawa huwa weupe, nywele zao za dhahabu na macho ya buluu, wazuri wa sura.

Mtoto mzuri mno, aliyeanza vizuri, kisha akageuka. Nani huyo? Wazee wa Ireland wangemtaja kwa haraka. Sisemi kwamba kila mtoto aliyeitwa wa vilimani alikuwa na ugonjwa huu. Wengine bila shaka walikuwa na mtindio wa ubongo, wengine usonji, wengine kifua kikuu, wengine njaa tu. Michael Leahy hatumjui alikuwa na nini. Ninachosema ni kwamba macho ya wale mama hayakukosea. Mtoto alikuwa amebadilika kweli. Walichokosea ni kudhani mwingine ndiye aliye kitandani. Alikuwa yule yule. Narudia, ndugu wasikilizaji: alikuwa yule yule, amefungwa ndani ya ugonjwa, akimngojea mtu.

Kwa Liv na Dag ugunduzi ulichelewa. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950, mjini Birmingham, Uingereza, mama mwingine alikuwa na binti mwenye ugonjwa huo huo. Madaktari walijua jina la ugonjwa, wakamwambia hakuna dawa. Yeye akawa kila asubuhi anasimama mlangoni pa maabara, anawauliza: leo mmepata kitu? Ikabidi wakitafute. Wakatengeneza chakula cha pekee kilichoondolewa ile sehemu ya protini. Mtoto aliyekuwa akilia na kujigonga kichwa akanyamaza, akatambaa, akajifunza kusimama. Nywele zake zikaanza kuwa nyeusi zaidi. Katika miaka ya 1960 mwanasayansi wa Marekani, Robert Guthrie, ambaye mwenyewe alikuwa na mtoto mwenye ulemavu wa akili, akatafuta njia ya kuutambua ugonjwa kwa tone la damu kutoka kisigino cha mtoto mchanga, likakaushwa kwenye karatasi. Mtoto akitambuliwa wiki za kwanza na kupewa chakula hicho, anakua, anakwenda shule, anafanya kazi, anazaa.

Na Ireland? Ireland ni moja ya nchi ambazo ugonjwa huu unaonekana zaidi. Tangu mwaka 1966 watoto wanaozaliwa nchi nzima wanatobolewa kisigino. Yaani katika jimbo lile la Kerry, watoto wa vijiji vile vya kando ya Flesk nao muuguzi anawafikia na karatasi yake.

Nina jambo kwa wenye watoto wadogo kabla hatujaagana. Kadi ya kliniki msiiweke sandukuni baada ya chanjo. Mtoto asipokaza shingo kwa wakati wake, asipogeuka akisikia sauti, asipotazama uso wa mama, semeni kliniki siku hiyo hiyo, wala msingoje mwezi ujao. Muuguzi akiwaambia atakua tu, ulizeni tena, na mkitaka muulize kwa mwingine. Yuko mtoto anayehitaji mazoezi ya viungo, yuko anayehitaji dawa ya kifafa, yuko ambaye ni masikio tu. Na kama jirani amefungia mtoto ndani, mpigieni hodi. Nendeni na maziwa, nendeni na maneno mazuri, mwombeni huyo mama awaletee mtoto sebuleni mumpakate na ninyi.

Muda wetu umekwisha. Wiki ijayo tutabaki nyumbani, tutamzungumzia yule zimwi aliyemtia msichana ndani ya ngoma akamtembeza vijijini akimwimbisha, na namna mama yake alivyoitambua sauti. Wenye namna yao ya kuisimulia, ya Pemba, ya Lamu, ya Kigoma, ya Bukavu, waniandikie mapema nizisome hewani. Kwaherini, usiku mwema.